Mchicha wa Jangwani

Kipande kile cha ardhi kiliachwa na mama mkwe wangu, na katika watoto wake hakuna aliyekitaka. Ni mchanga mweupe mtupu, mwendo wa kama dakika kumi kutoka nyumbani kwetu, ukishaiacha barabara ya kwenda Mnazi Bay. Mikorosho aliyopanda marehemu mle ilikauka yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja nao ulizaa pale ulipojisikia. Watu wa kijijini walipaita Jangwani. Mchana wa mwezi wa kumi huwezi kukanyaga pale bila viatu. Wakati wa kugawana urithi, shemeji zangu walichukua mashamba ya mihogo na mikorosho iliyostawi, mume wangu akasema yeye aachiwe Jangwani. Nilidhani anasema kwa hasira. Kumbe alikuwa amepafikiria muda mrefu.

Mume wangu alikuwa mpuliza dawa. Tangu ujana wake, kipupwe kikiingia na mikorosho ikianza kuchanua, alibeba mashine mgongoni akazunguka mashamba ya watu kupuliza salfa, ule unga wa njano unaozuia ukungu usiue maua. Kinga yake ilikuwa kipande cha kanga yangu kuukuu alichojifunga puani. Akirudi jioni nyusi zilikuwa njano, masikio njano, na hata aoge mara mbili mto wake ulinuka kiberiti. Mwanzo wa ndoa yetu nilifua shuka kila siku. Baadaye nilizoea, nikaacha hata kuisikia ile harufu.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kwa miaka miwili mitatu tulikiita mafua. Kisha akawa hawezi kumaliza sala ya jamaa msikitini bila kutoka nje kukohoa, akaona haya, akawa anasalia nyumbani. Hapo ndipo nilipomlazimisha twende hospitali mjini Mtwara. Daktari alisema mapafu yamechoka. Nilimuuliza kama ni ile dawa. Alinitazama, akasema hawezi kuapa kwamba ni dawa, kwani wapo waliopuliza miaka mingi zaidi na ni wazima, ila mgonjwa akae mbali na vumbi, moshi na dawa za aina yoyote.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, mume wangu akaniambia, "Mama watoto, nitalima mboga. Na sitatia dawa hata tone."

"Utalima wapi?"

"Jangwani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Watoto wenyewe wa jina hilo la mama watoto ni mmoja tu, binti yetu, ambaye ameolewa mjini na anaishi Ufukoni. Wengine wawili hawakufika hata siku arobaini. Lakini aliniita hivyo tangu mimba ya kwanza na hakubadilisha.

Sasa nikiwaeleza watu namna alivyoligeuza lile jangwa huwa wananikatiza wakidhani natia chumvi. Alichimba mitaro mifupi, kina cha goti, upana wa mtu kuinama na kufika katikati. Chini yake alipanga makumbi ya nazi, yale maganda yenye nyuzi ambayo watu hutupa au huchomea vyungu, migongo chini na matumbo juu, ili yashike maji. Juu ya makumbi alitandaza majani ya mkorosho yaliyooza, kisha samadi ya mbuzi, kisha tena mchanga uleule. Alifanya kazi saa moja akapumzika saa moja. Mtaro mmoja ulimchukua wiki. Mimi nilikusanya makumbi kwa kila aliyekuwa akifua nazi, mpaka wanawake wenzangu wakawa wanayaweka kando wakiniona natokea.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Alichimba kisima mwenyewe, akisaidiwa na jirani yetu mwenye shamba la mikorosho linalopakana na Jangwani. Jirani huyu ni mtu aliyekuwa akimwajiri kila msimu kumpulizia, na walipendana kama ndugu. Maji yalipatikana karibu tu, lakini jirani alipoyaonja alitema.

"Bwana, hii bahari," alisema.

"Subiri mvua," mume wangu akamjibu.

Mvua zilipokwisha alituita tuonje tena. Yalikuwa matamu. Akatueleza kwamba maji ya mvua ni mepesi, hulala juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyolala juu ya mchuzi, na ukiyachota kwa adabu utakunywa matamu mpaka mvua nyingine. Sijui nani alimfundisha. Nadhani mama yake, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini, ambako watu wanajua sana mambo ya maji mawili kukaa pamoja. Basi hakutumia ndoo. Alifunga kamba kwenye kopo dogo, akalilaza juu ya maji likajaa lenyewe taratibu, akalivuta. Asubuhi makopo arobaini, jioni makopo arobaini, na kati yake kisima kinaachwa kabisa. Siku niliyotumbukiza ndoo kwa haraka alinifokea, na mume wangu hakuwa mtu wa kufoka.

"Usiyaamshe yaliyolala chini," aliniambia.

Mwaka wa pili tulikuwa na mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele na pilipili. Wadudu walikuja kama walivyokuja kwa wengine. Alitwanga mwarobaini akauloweka, akanyunyiza majivu, wengine aliwaokota kwa mkono, jani kwa jani, amekaa kwenye kigoda chake anahamahama. Mboga zetu hazikuwa nzuri kwa macho. Nilizichukua asubuhi kupeleka mjini, nyumba za jirani na kwa binti yangu, na wanawake walizigeuza geuza wakiuliza mbona majani yametobolewa. Mume wangu alinifundisha niwajibu hivi: mdudu ameonja kwanza na hakufa. Walicheka, wakanunua. Baadaye walikuwa wakinisubiri mlangoni.

Kipupwe kilikuwa na taabu yake. Jirani alipata mpulizaji mwingine, na upepo ukikaa vibaya unga wa njano ulivuka mpaka ukaja kwetu. Hatukugombana. Alikuwa anatuma salamu siku moja kabla, nasi tunafunika mitaro kwa vyandarua vya zamani na kanga zilizochakaa, kisha mume wangu anaenda kukaa ndani na kufunga madirisha. Nilimwona siku moja akichungulia kwenye upenyo, akimtazama yule kijana mpulizaji aliyejifunga kitambaa puani. Alitazama muda mrefu. Nilimuuliza anatazama nini, akasema, "Hajakaza kitambaa vizuri."

Tulikaa hivyo misimu minne. Nasema misimu minne na naona kama ni siku moja.

Msimu wa tano, mwezi wa nane, kifua kilimbana asubuhi akiwa kisimani. Nilimkuta amekaa chini, kopo bado liko mkononi, midomo imebadilika rangi. Jirani alimpakia kwenye pikipiki yake, mimi nikashika nyuma nisije nikamwacha aanguke, tukaenda hivyo mpaka barabarani tukapata gari. Walimlaza, wakamtia hewa ya mtungi. Daktari, siyo yule wa kwanza, alisema tusitegemee kutoka karibuni.

Nikaanza maisha ya huku na huku. Siku mbili nalala kwa binti yangu Ufukoni nikienda hospitali asubuhi na jioni, siku moja narudi kijijini kumwagilia. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenihimiza nirudi. Kila nikikaa pembeni ya kitanda swali la kwanza lilikuwa, "Mchicha umefikia wapi?" Hakuuliza habari za nyumba, wala kuku, wala nani aliyekuja kumjulia hali. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua limeshakuwa kali, na mboga ya mchangani ikikosa maji siku mbili inalala.

Jirani alinikuta kisimani nikivuta kopo huku nalia, sijui nalia nini hasa, nadhani uchovu.

"Shemeji, utaumia mgongo bure," alisema. "Nina mashine ya kuvuta maji imekaa tu. Nitakuletea. Nusu saa, bustani yote imekunywa, na wewe unawahi gari."

Nilijua. Hili ndilo ninalotaka liandikwe vizuri. Sikuwa mjinga wa kutojua, na jirani hakunidanganya. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kisima kile kinataka nini. Lakini gari la mwisho la kwenda mjini lilikuwa linaondoka, mgonjwa wangu alikuwa peke yake, na nikajiambia mara moja haitadhuru. Alileta mashine, akatumbukiza mpira, akaiwasha. Maji yalitoka kwa nguvu ambayo mitaro ile haikuwahi kuiona. Nilisimama nikitazama yakimwagika na moyo wangu ukapata nafuu. Nilifanya hivyo mara nne katika wiki mbili.

Mara ya tano niliona weupe kwenye kingo za mitaro. Nilidhani ni mchanga tu. Nikagusa, nikaweka ulimini. Mchicha ulikuwa umekauka ncha kana kwamba mtu amepitisha moto, bamia zimeangusha maua. Nikaonja maji ya kisima. Yalikuwa yale ya siku ya kwanza, yale aliyoyatema jirani.

Nilijaribu kila kitu nilichokumbuka. Nilinunua maji ya bomba kwa madumu nikamwagilia mtaro mmoja, ukafa. Nilifunika kwa majani, ukafa. Ndani ya siku kumi Jangwani ilikuwa jangwa tena, na harufu ya samadi kavu imejaa hewani. Jirani alikuja akasimama kwenye mpaka, hakuvuka.

"Ni ile mashine?" aliuliza.

"Ni jua," nikamjibu.

Alijua kuwa siyo jua.

Hospitalini nilisema mchicha haujambo. Nilisema bamia zinazaa mpaka zinakomaa mtini kwa kukosa wa kuzichuma. Nilipika mchicha wa sokoni nikampelekea kwenye bakuli, akala vijiko viwili, akasema mzuri. Nilidhani limepita. Kesho yake akaniambia, "Mara nyingine usipike. Niletee fungu bichi. Nataka kuushika."

Nilirudi Ufukoni na hofu kama ya mtu aliyeiba. Asubuhi nilizunguka sokoni meza baada ya meza nikitafuta mchicha wenye matundu. Haupo. Mchicha wote ulikuwa mzuri, mpana, unang'aa, jani halina hata alama. Wauzaji walinishangaa nilipouliza kama hawana ulioliwa na wadudu. Mmoja alisema, "Mama, una sungura?" Nikamwambia ndiyo.

Binti yangu alinikuta kibarazani kwake, fungu la mchicha liko mapajani, nimeshika njiti ya ufagio natoboa majani.

"Mama, unafanya nini?"

Nilitoboa jani jingine. Alikaa chini karibu yangu. Alikuwa ameshajua habari za bustani. Nilikuwa nimemwambia siku ileile maji yalipogeuka. Alitazama mikono yangu kidogo.

"Mwambie tu ukweli," alisema. "Baba hatakukasirikia."

"Najua hatakasirika. Ndiyo maana siwezi."

Akachukua njiti nyingine akaanza kutoboa upande wake. "Wadudu hawatoboi katikati hivyo," akasema. "Wanaanzia pembeni." Tukatoboa mpaka fungu likaisha, mama na mtoto.

Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda hata pete yake aliivua akampa binti yake amtunzie. Alinusa mchicha, akaulaza kifuani juu ya shuka, akapitisha kidole kwenye tundu moja, akahamia lingine. Nilimtazama usoni sikuona kitu. Muuguzi alipita akasema mboga haziruhusiwi kitandani, mume wangu akamwomba dakika moja tu. Kisha akanirudishia.

"Kisima kikichoka," alisema, na ilibidi avute pumzi kabla ya kuendelea, "kipumzishe. Usikiguse mpaka kinyeshewe."

"Sawa," nikasema.

"Kinarudi. Kinachelewa, lakini kinarudi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Wodi ilikuwa kimya, wagonjwa wengine wamelala baada ya chakula, nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko nilivyokaa na mtu yeyote maishani. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama anataka maji ya kunywa.

Alifariki siku ya nne baada ya hapo, asubuhi ya Ijumaa, mimi nikiwa nje naongea na muuguzi kuhusu dawa. Tulimzika siku ileile kijijini baada ya sala ya Ijumaa. Walikuja watu wengi, hata wale vijana wapulizaji wa siku hizi, walisimama pamoja nyuma. Jirani ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, wanawake wanaingia na kutoka, halafu wanapungua, halafu nabaki na redio na uji wangu. Sikukanyaga Jangwani. Mvua zilianza nikiwa kwenye mwezi wa pili wa eda. Nilizisikia juu ya bati, kubwa, za siku nyingi, na kila ziliponyesha nilijua zinaingia kule kisimani na mimi siwezi kwenda kutazama. Watu husema nimefuata wasia wa marehemu kwa kukipumzisha kisima. Siyo kweli. Nisingekuwa ndani ningekuwa nimekwenda kukichokoa wiki ya kwanza, kwa namna nilivyokuwa. Ni eda iliyonizuia.

Siku nilipotoka nilikoga, nikaenda makaburini, kisha nikaenda bustanini. Majani ya porini yalikuwa yamejaa kwenye mitaro, mitaro miwili imefukiwa kabisa na mchanga. Jirani aliniona akaja, safari hii akavuka mpaka. Alishika kofia yake mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi kwa ile mashine. Nimekaa na hilo jambo miezi yote hii."

"Wewe ulinisaidia," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa najua." Kisha nikamuuliza lile lililonikaa kooni. "Ulipokwenda kumwona hospitali, ulimwambia?"

Alitikisa kichwa. "Nilikwenda nikiwa nimekusudia kumwambia. Nilipofika nikashindwa. Tuliongea habari za bei ya korosho."

Nimemuuliza na binti yangu pia, naye ameapa hakusema. Basi labda aliona mwenyewe kwenye yale matundu. Au labda alikuwa anaongea tu, kama mtu anayefunga mizigo yake na kumkabidhi mwenzake kila kitu, na kisima kikiwemo. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka miwili sasa. Kuna siku naamini alijua na akaniachia njia ya kutokea, na siku hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu ina maana alikufa akinibeba mimi badala ya mimi kumbeba yeye.

Maji yalikuwa bado na chumvi mwaka ule. Nilikiacha kisima. Mwaka uliofuata yakawa ya kunywewa na mbuzi, na baada ya masika haya yaliyopita niliyaonja nikayameza. Nimefufua mitaro mitatu kati ya kumi na moja. Nimepanda kunde na bamia, kwa kuwa zinavumilia, na mtaro mmoja wa matembele. Jirani ameacha kupuliza mistari miwili ya mikorosho iliyo karibu nami. Sikumwomba. Ile mikorosho imeshika ukungu na haizai kitu, na kila akipita hapo anaangalia upande mwingine.

Binti yangu anataka nihamie kwake Ufukoni. Amenitengea chumba, ameweka na kitanda. Nilikwenda nikalala wiki moja, nikamwambia nitarudi baada ya mavuno ya kunde. Anajua kuwa baada ya kunde nitasema baada ya bamia. Alinisindikiza mpaka kituoni, akanipa mkate wa kula njiani, tukaagana.